Viza ya Bangkok inaisha na wewe bado upo: namna ya kuongeza siku 30 mwenyewe

Simu za Bangkok huwa zinaingia saa kumi alfajiri. Kigoma bado giza, kule kwao ni saa mbili asubuhi, watu washakunywa chai na wako barabarani. Ni mtu wa Mwanga au wa Ujiji kaenda kuchukua magauni Pratunam, lile soko la nguo la Bangkok, anakwambia dada viza imebaki siku nne na mzigo haujakamilika, kuna jamaa hapa anasema anaongeza kwa dola 200, nimpe pasipoti? Usimpe. Naandika hii ili nikiulizwa tena niwe natuma tu, na wewe uliyetumiwa soma mpaka mwisho kabla hujatoa hela yoyote kwa mtu yeyote.

Kwanza nikutoe hofu. Kuongeza siku kwenye viza ya utalii ya Thailand ni jambo la kawaida kabisa, lipo kisheria, lina fomu yake inaitwa TM.7 na lina bei moja ya serikali, baht 1,900, na unaongezewa siku 30 juu ya zile ulizokuwa nazo. Hiyo baht 1,900 kwa chenji ni kama dola 55 hadi 60 hivi, sasa huyo wa dola 200 hela inayobaki anapeleka wapi utajaza mwenyewe. Unaenda mwenyewe, unachukua namba, unakaa foleni, unatoka na muhuri wako siku hiyohiyo. Na sisi watu wa Kigoma mambo ya uhamiaji hayatutishi, mtu ukipanda basi la Kasulu au Kibondo unajua kabisa njiani kuna kuulizwa kitambulisho, umezaliwa wapi, babu yako kazikwa wapi, kwa hiyo ukifika pale dirishani mwenzako Mzungu anatokwa jasho wewe unaona hili nalo jambo? Ila kuna tofauti moja na huku kwetu, kule maelezo hayasaidii. Karatasi ikikosekana imekosekana, hata uongee mpaka jioni, atakurudishia makaratasi yako kwa adabu sana na kuita namba inayofuata.

Sasa tuanze na kitu ambacho karibu kila anayepiga simu anakuwa amekielewa vibaya, nacho ni tarehe. Una tarehe mbili tofauti na moja tu ndiyo inakuhusu ukishafika. Ile viza uliyoomba mtandaoni (siku hizi Thailand wanatoa viza kwa mtandao, ule mfumo wa thaievisa.go.th, tangu Januari 2025 unatumika dunia nzima) ukiiprinti ina tarehe ya mwisho ya kuitumia, kwa viza ya kuingia mara moja inakuwa miezi mitatu toka itolewe. Hiyo maana yake ni mwisho wa wewe KUINGIA. Haina uhusiano na siku utakazokaa. Watu wanaiangalia ile wanasema mimi bado nina mwezi mzima, kumbe siku zimeisha wiki iliyopita.

Tarehe inayokuhusu ni ya muhuri waliokugongea eapoti. Fungua pasipoti, tafuta ule muhuri, una neno ADMITTED na tarehe uliyoingia, chini yake neno UNTIL na tarehe nyingine. Hiyo ya UNTIL ndiyo siku yako ya mwisho kuwepo nchini. Wino wakati mwingine umefifia au umegongwa juu ya muhuri wa Addis au Doha, namba 1 inaonekana kama 7, ukiwa na wasiwasi muulize palepale kabla hujaondoka dirishani, halafu piga picha ule ukurasa ujitumie mwenyewe wasapu.

Na usihesabu kwa miezi, hesabu kwa siku. Viza ya utalii ya kuingia mara moja inakupa siku 60 na siku uliyotua ni siku ya kwanza. Mfano umetua Machi 1. Machi ina siku 31, kwa hiyo siku ya 60 ni Aprili 29. Siyo Mei 1. Mtu anayesema nina miezi miwili basi narudi tarehe moja mwezi wa tano, huyo kashazidisha siku mbili na eapoti atalipa baht 1,000. Ukiongeza siku 30 zinaanza kuhesabiwa baada ya ile Aprili 29, zinakupeleka Mei 29. Hapa kuna uzuri wake, hata ukienda kuomba mapema, tuseme Aprili 8, hupotezi kitu, siku zinaunganishwa mwisho wa zile za zamani na siyo siku uliyoomba. Kwa hiyo hakuna faida yoyote ya kusubiri mpaka siku ya mwisho, sijui kwa nini watu wetu wanaipenda sana siku ya mwisho.

Na kwa huo mfano wa Machi kuna mtego mwingine, Songkran. Ndiyo mwaka mpya wao, Aprili 13 mpaka 15, ofisi za serikali zinafungwa, mji mzima wanamwagiana maji, na ikiungana na wikiendi unaweza ukakaa siku tano huna pa kwenda. Kabla ya Songkran foleni ndefu, baada ya Songkran foleni ndefu zaidi. Angalia kalenda yao ya sikukuu kabla hujapanga siku, wana sikukuu nyingi za kifalme na za dini yao ambazo sisi huku hatuna habari nazo. Mimi nawaambia watu nendeni wiki mbili kabla, kukipungua karatasi una muda wa kurudi.

Haya, twende kwenye kile kitu kinachowaangusha wengi zaidi kuliko tarehe. Kinaitwa TM.30.

Sheria yao ya uhamiaji inasema mwenye nyumba yoyote aliyempokea mgeni wa nje lazima atoe taarifa ndani ya saa 24 kwamba fulani yuko kwangu. Mwenye nyumba, siyo wewe. Hoteli iliyosajiliwa inafanya hivyo yenyewe, ile wanavyochukua pasipoti yako mapokezi na kuikopi ndiyo kazi hiyo, hujui hata kama imefanyika. Shida inaanza ukitoka hotelini. Watu wetu wakishakaa wiki wanaona hoteli inakula hela ya mzigo, wanatafuta chumba cha mwezi, labda wamegawana wawili watatu kwenye apatimenti huko Ratchathewi au nyuma ya Pratunam, wameelekezwa na mtu, hela wamelipa mkononi, na mwenye chumba hajamsajili mtu yeyote kwa sababu hataki habari za kodi. Unaishi vizuri tu, hakuna anayekusumbua. Siku unaenda kuongeza viza afisa anaandika jina lako kwenye kompyuta, anakuuliza unakaa wapi, unasema fulani, yeye anaona bado uko kwenye hoteli ya siku ya kwanza, au haoni kitu. Hapo safari imeishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujalipa chumba muulize mwenye nyumba jambo moja tu: TM.30 utanifanyia? Kiingereza chake kikiwa kigumu mwandikie hivyohivyo kwa herufi na namba, wote wanaijua. Anaweza kufanya kwa mtandao akiwa amekaa kwenye kiti chake, akimaliza anapata risiti, akutumie picha yake na wewe uiprinti. Akisema hakuna haja, hiyo ya zamani, wewe lipa tu, huyo tafuta mwingine. Faini ya kutotoa taarifa ni ya kwake, ila anayekosa siku 30 ni wewe.

Na kama umeshaingia na amegoma? Kuna mama mmoja wa kwetu alikutana na hilo, mwenye chumba kila siku anamwambia kesho. Akafungasha begi moja, akahamia gesti iliyosajiliwa, siyo ya bei kubwa, mapokezi akawaambia wazi mimi naenda uhamiaji kuongeza viza naomba mnisajili leo na mnipe karatasi. Wakamprintia palepale. Akajaza adresi ya gesti kwenye fomu, kweli alikuwa analala hapo, kesho yake akaenda na akapata. Hela ya gesti imemuuma lakini ni ndogo kuliko kichwa kuuma.

Kitu kingine kinachotokana na hiyohiyo adresi: unaomba kwenye ofisi ya mkoa unaokaa. Kama umesajiliwa Bangkok huwezi kwenda kuomba Pattaya kwa sababu umesikia kule foleni fupi. Kwa walioko Bangkok ofisi inayojulikana ipo Chaeng Watthana, kaskazini mwa jiji, kwenye majengo ya serikali, Jengo B. Ni mbali na Pratunam, usijidanganye kwamba utaenda ukirudi sokoni saa nne. Siku hizi kuna treni ya juu, ile laini ya pinki, inapita hukohuko, au chukua Grab, ile teksi ya kuita kwa simu, foleni ya magari asubuhi ya Bangkok ukiijua utaacha kulalamikia Kariakoo.

Makaratasi sasa. Pasipoti yenyewe, halisi. Fomu ya TM.7 unaweza kuipakua na kuijaza nyumbani au unaikuta palepale. Picha moja ya sentimita 4 kwa 6, siyo ile ndogo ya pasipoti saizi ya huku, kwa hiyo usije na zile ulizopiga Mwanga ukazibeba kwenye bahasha, utaambiwa ndogo. Fotokopi ya ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, fotokopi ya viza, fotokopi ya ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Risiti ya TM.30. Na baht 1,900 taslimu, beba hela yenyewe mkononi, usitegemee kadi ya benki ya huku wala kwamba utamwambia mtu akurushie. Kila fotokopi unaisaini chini kwa kalamu ya bluu, wino wa bluu kabisa, sahihi yako ileile ya kwenye pasipoti. Ukisahau kukopi usipaniki, pale kwenye jengo kuna sehemu za kupiga picha na fotokopi, ila nazo zina foleni yake.

Kujaza TM.7 siyo kazi. Inauliza jina la ukoo kwanza halafu la kwako, hapo ndipo watu wenye majina matatu wanachanganya, wewe fuata pasipoti ilivyoandika, kama pasipoti imeweka jina la baba sehemu fulani na wewe weka vilevile, usijiongeze. Uraia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, umeingia lini, kwa usafiri gani, ukitokea wapi. Hapo kutokea wapi ni pale ndege ya mwisho ilipoondokea, kama uliunganisha Addis Ababa basi andika Addis Ababa, na namba ya ndege iwe ya ile iliyotua Bangkok, siyo ile uliyopanda Kigoma kwenda Dar. Unaomba siku ngapi, andika 30. Sababu, andika kwa ufupi ukweli wako, kutembea, kupumzika. Usianze kuandika insha. Namba ya simu weka ya laini ya Thailand unayopatikana. Kuna karatasi nyingine huwa wanakupa pale usaini, inasema umeelewa adhabu za kuzidisha siku, soma kidogo kabla hujasaini maana adhabu zenyewe nitazisema hapo chini.

Siku ya kwenda amka mapema. Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi, saa sita mpaka saa saba ni chakula cha mchana na hapo hakuna wa kumbembeleza, saa kumi na nusu jioni wanafunga. Jumamosi na Jumapili hamna. Mwenye akili saa mbili yuko mlangoni. Vaa kiheshima, siyo kaptula wala singlendi wala zile kandambili za gesti, kina mama mkivaa gauni na mtandio wenu hakuna anayewaambia kitu. Mlangoni kuna meza ya kukagua, mtu anapitisha macho kwenye makaratasi, kikipungua anakwambia hapohapo kabla hujapoteza siku, kikikamilika anakupa namba. Hiyo meza mimi naipenda kuliko ofisi nyingi ninazozijua, maana hukai masaa manne ndiyo uje uambiwe kopi moja haipo.

Namba yako ikiitwa unaenda dirishani, unatoa salamu, unampa kwa mikono miwili (huku kwetu tumefundishwa, kule wanathamini sana), unalipa, anaweza akakupiga picha na kamera ndogo iliyopo pale mezani. Maswali ni machache, unakaa wapi, unaondoka lini. Jibu kilichoulizwa. Kuna watu wetu wakiulizwa unaondoka lini wanaanza kusimulia habari za mzigo na fundi na kago, sasa wewe una viza ya utalii, unamwambia afisa habari za kago za nini? Unarudi kukaa, wanakuita tena, unapewa pasipoti yenye muhuri mpya na risiti.

Usiondoke hapo. Fungua uangalie tarehe mpya, ipigie hesabu kwa siku kama tulivyofanya, kama kuna kosa sema hapohapo. Risiti itunze, na usishangae ukiona mwaka umeandikwa 2568 au 2569, wenzetu kwenye karatasi zao wanahesabu mwaka wa Kibudha ambao uko mbele ya huu wetu kwa miaka 543.

Ukishaongeza mara moja usiipangie mipango ya kuongeza tena mwezi mwingine. Chukulia ni 60 na 30 basi, jumla 90, upange mzigo wako humo.

Wasiotaka kwenda ofisini wanasemaje? Wanasema nitazidisha tu siku chache nitalipa eapoti. Sikiliza, faini ni baht 500 kwa kila siku, mwisho baht 20,000. Siku moja mbili kweli watu wanalipa wanaondoka. Lakini toka Machi 2016 kuna kanuni ya kufungiwa, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ukizidisha zaidi ya siku 90 ukajipeleka mwenyewe kuondoka, hurudi Thailand mwaka mmoja. Ukizidisha zaidi ya mwaka, miaka mitatu, na inaendelea kupanda mpaka kumi. Sasa hiyo ni ya kujipeleka. Wakikukamata wao, labda msako, labda umesimamishwa tu barabarani ukaombwa pasipoti, hata kama umezidisha siku tatu tu, kufungiwa ni miaka mitano, na unasubiri kurudishwa kwenu ukiwa mahabusu ya uhamiaji. Kwa mtu ambaye duka lake zima linategemea Pratunam, miaka mitano ni biashara imekufa.

Halafu kuna ushauri wa video. Watu wanaangalia mtandaoni Mzungu anaelezea unatoka tu mpakani unaingia Laos au Kambodia unagonga muhuri unarudi siku hiyohiyo unapata siku mpya. Kwake huenda ikawezekana, yeye anaingia Thailand bila viza. Mtanzania hayumo kwenye hiyo orodha, wala hatumo kwenye orodha ya wanaopewa viza wakifika. Viza yako ya kuingia mara moja ukishatoka nayo imekufa. Utakuwa umesimama mpakani na pasipoti ya Tanzania na hakuna upande unaokutaka. Kabla hujafuata ushauri wowote wa mtandaoni angalia kwanza anayeongea ana pasipoti ya nchi gani, hilo tu lingeokoa watu wengi.

Kwa hiyohiyo sababu, kama baada ya kuongeza siku 30 unataka utoke kidogo, labda unaenda Malaysia kuona ndugu na kurudi, lazima uombe kibali cha kurudi kabla hujatoka. Fomu yake ni TM.8, baht 1,000 kwa kurudi mara moja, 3,800 kwa mara nyingi. Ukitoka bila hicho, zile siku ulizolipia 1,900 zimefutika.

Vishoka nao. Wapo wanaosaidia kujaza fomu kwa hela kidogo na hao sina ugomvi nao, kama Kiingereza kinakusumbua lipa mtu mkae naye, aandike, wewe ushike pasipoti yako. Ninaowakataza ni wale wa niachie pasipoti nitakuletea jioni. Huna pasipoti, polisi wakikusimamisha unaonyesha nini? Na muhuri akikugongea wa kwake chumbani, mfumo wa eapoti hauujui, na anayeshikwa na muhuri feki ni wewe mwenye pasipoti, yeye jina lake la kweli hulijui. Alama yao ni moja, hawakuulizi habari ya TM.30 hata siku moja. Mtu anayesema anaongeza viza bila kukuuliza unakaa wapi huyo haendi uhamiaji.

Na tusidanganyane kuhusu kazi. Viza hii siyo ya kazi, na kuiongeza hakuigeuzi kuwa ya kazi. Kusuka nywele kwa malipo, kukaa kwenye duka la mtu, kusimamia kago ya watu ukalipwa, ukishikwa bila kibali cha kazi faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000 na unarudishwa. Anayetaka kukaa kibiashara hasa, kusaini na viwanda, aombe viza ya biashara kabla hajaondoka nyumbani.

Wale waliompeleka mgonjwa mambo yenu ni tofauti kidogo na ni afadhali. Ukiwa na barua ya hospitali inayosema mgonjwa anaendelea na matibabu mpaka lini, kuna uongezaji wa sababu ya matibabu, unaweza kufika siku 90 kwa mara moja, na anayemuuguza naye anaombewa kwa barua hiyohiyo ikimtaja. Bei ni ileile 1,900. Mwambieni daktari mapema, na barua iwe na jina la mgonjwa na la muuguzaji yaliyoandikwa kama kwenye pasipoti, siyo Mama Asha.

Kwa ambao hamjaondoka, mambo ya mwanzo yanarahisisha ya mwisho. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku 10 kabla ya safari na ubebe kadi, Tanzania imo kwenye orodha yao, ukitua unaanzia dawati la afya ndiyo uende uhamiaji. Kadi ya kuingilia ya kidijitali, TDAC, tangu Mei 2025 ni lazima, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni BURE, tovuti inayokudai hela siyo yenyewe. Adresi utakayoandika humo iwe ya hoteli uliyobuku kweli.

Kama wewe siyo wa Bangkok bali wa Guangzhou, usichukue haya ukayapeleka China hivyohivyo. Kule sheria inataka uombe siku saba kabla viza haijaisha, na siku utakazoongezewa haziwezi kuzidi zile ulizopewa mwanzo. Ukikaa nje ya hoteli lazima ujisajili polisi ya mtaa ndani ya saa 24, na hapo ni wewe au mwenyeji wako mnaokwenda. Kuzidisha ni yuan 500 kwa siku mpaka 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 mpaka 15. Pasipoti wanabaki nayo wakati wanashughulikia, wanakupa risiti, tembea na hiyo risiti muda wote. Na ile viza ya mtandao ya utalii ya India ya siku 30 haiongezwi kabisa, usipoteze nauli kwenda kuuliza.

Kilichobaki ni tiketi. Watu wanaongeza viza halafu wanasahau kwamba tiketi ya kurudi bado ni ya tarehe ya zamani. Shirika litakutoza kubadilisha tarehe, na ukichelewa kuwaambia kabla ndege haijaondoka unaweza kuipoteza yote. Ukishapata muhuri, jioni hiyohiyo badilisha tiketi, weka siku tatu nne kabla ya UNTIL mpya, usiweke siku yenyewe maana ndege ikiahirishwa umeshazidisha. Ukishajua unatua Dar lini ndiyo ubuku ya kuja Kigoma au uangalie treni, na mzigo wa mkononi upunguze kuanzia kule, kilo za ndege ya ndani siyo zile ulizopewa Bangkok.